Taa Katika Chombo Kidogo: Mazungumzo na Wavuvi na Mafundi wa Dabani

 

Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza ni jambo gani lililowaleta polisi kuzungumza juu ya nyaya, balbu na betri, badala ya magendo na wizi wa mifugo tuliouzoea katika mikutano ya namna hii. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwanza.

Katika Ghuba ya Berkeley, ambayo nchi zetu mbili zinaishiriki, mpaka hauna ukuta wala ua. Mchana mtu huujua kwa kutazama milima na miti ya nchi kavu. Usiku hana cha kutazama. Askari wa doria, awe wa upande huu au wa Walinzi wa Pwani wa Kenya walioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018, akikuta chombo kinakwenda gizani karibu na mpaka huo hawezi kujua kama kimebeba mukene, petroli ya magendo au injini iliyoibwa jioni hiyo. Hukikaribia kwa tahadhari, silaha mkononi, na aliyemo chomboni, asiyejua ni nani anayemjia, huongeza mwendo akidhani amevamiwa na maharamia. Hapo pande mbili zisizo na ugomvi wowote huingia katika hatari kwa sababu ya kukosekana taa moja. Chombo chenye taa, walau, kimekwisha kusema kwamba hakijifichi.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni moto. Wavuvi wengi wameshaujua umuhimu wa taa, nao wamejifungia wenyewe, kwa betri ya gari, waya wowote uliopatikana na utepe mweusi. Hatuwalaumu. Hakuna karakana ya umeme wa boti katika kila ufuo, na mtu mwenye mtumbwi mmoja hawezi kumwita mhandisi kutoka Jinja au Kisumu. Lakini kazi hiyo ikifanywa vibaya, chombo cha mbao kilichobeba tangi la petroli huwa kimebeba na kiberiti kilichokwisha kuwashwa.

Wengine watasema Dabani haina ufuo. Ni kweli, ziwa liko mbali na hapa tulipoketi. Hata hivyo betri huchajiwa majumbani, nyaya hununuliwa madukani mwa Busia na Malaba, na fundi anayefunga taa ya pikipiki leo ndiye anayeitwa kesho kwenda Majanji kufunga taa ya mtumbwi. Kosa la umeme huanza nchi kavu muda mrefu kabla halijaonekana majini. Kwa hiyo tumeona heri tuzungumze hapa.

Tunajua pia tulikotoka. Kwa miaka mingi mukene, ambao ng'ambo ya pili huitwa omena na Watanzania huwaita dagaa, walivuliwa usiku usio na mbalamwezi kwa mwanga wa karabai. Karabai ilikula mafuta ya taa usiku kucha, ikapasuka kioo kwa tone la mvua, na kumuunguza aliyeipiga pampu. Mwaka 2008, kule Mbita upande wa Kenya, kampuni ya OSRAM ilifungua kituo cha nguvu za jua ambako wavuvi waliweza kukodi taa na betri zilizokwisha kuchajiwa, na tangu wakati huo taa za betri zimeenea ziwa zima, nyingi zikiwa za kuundwa kwa mikono. Mabadiliko hayo ni mema na hatungependa kuona mtu akirudi kwenye karabai kwa kuogopa maneno yetu ya leo. Tunachotaka ni kwamba ile tahadhari mliyokuwa nayo kwa karabai, ambayo kila mtu aliona mwali wake, muwe nayo kwa betri ambayo mwali wake hauonekani.

Tumesikia mara nyingi, katika fuo na katika vituo vya pikipiki, maneno haya: umeme wa betri hauui. Maneno hayo yana ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayodanganya. Volti hupima msukumo wa umeme. Msukumo wa volti 12 ni mdogo, na kwa kawaida haupenyi ngozi ya mtu kiasi cha kumdhuru; mtu hushika vichwa viwili vya betri kwa vidole vikavu asihisi kitu. Lakini kinachochoma mbao si msukumo peke yake, ni wingi wa mkondo unaopita, nao hupimwa kwa ampea. Taa ndogo ya wati 10 hutumia chini ya ampea moja. Betri hiyo hiyo ya gari, vichwa vyake viwili vikigusana kwa kipande cha chuma, yaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja, kwa kuwa iliundwa ili izungushe injini nzito asubuhi ya baridi.

Mmeona wenyewe tulichofanya punde hapa mezani. Tulichukua uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, kutoka ndani ya waya wa kawaida, tukaushika kwa koleo na kuugusisha kwenye vichwa viwili vya betri. Ulikuwa mwekundu, kisha mweupe, kisha haukuwapo, na ninyi mlioketi mbele mlirudi nyuma. Fikirini sasa kwamba huo haukuwa uzi mmoja bali waya mzima wenye gamba la plastiki, umepita chini ya nyavu kavu na kando ya tangi, na hakuna aliyeushika kwa koleo. Gamba huyeyuka, plastiki hushika moto, na mbao zilizopakwa lami hufuata.

Dawa ya jambo hilo ni fyuzi. Bei yake pamoja na kikasha chake ni ndogo kuliko ya samaki wa kitoweo, nayo ndiyo kitu cha kwanza tunachokikosa tunapokagua vyombo. Mafundi wetu wa pikipiki huifahamu, lakini wengi huiweka karibu na taa, wakidhani kazi yake ni kuilinda balbu. Sivyo. Fyuzi huulinda waya. Waya uliotoka kwenye betri ukachubuliwa na msumari kabla ya kufika kwenye fyuzi, utaungua huku fyuzi ikiwa nzima mahali pake. Kwa hiyo iwekwe mwanzoni kabisa, kwenye waya wa chanya, isizidi shubiri moja kutoka kichwa cha betri. Kwa taa za kawaida za chombo, zilizofungwa kwa waya wa milimita za mraba 1.5, fyuzi ya ampea 5 yatosha. Ikikatika, usiibadilishe kwa kubwa zaidi, wala kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, wala kwa msumari. Fyuzi inayokatika mara mbili inakuambia kwamba kuna mahali chanya na hasi vinagusana, na kazi yako ni kupatafuta mahali hapo mchana, chombo kikiwa kimevutwa ufuoni.

Kuhusu nyaya tuna mengi ya kusema, kwa sababu hapo ndipo fedha za mvuvi hupotea bure.

Kwanza, waya wa nyumba haufai. Nyingi kati ya nyaya zinazofungwa majumbani zina uzi mmoja mnene wa shaba. Ukuta hautikisiki, mtumbwi hutikiswa na mawimbi na mashine kila dakika, na uzi mnene unaopindwapindwa hatimaye hukatika ndani ya gamba lake pasipo mtu kuona. Tumieni waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, kama ule wa magari.

Pili, jihadharini na waya usio wa shaba. Madukani humo humo, kwa pande zote mbili za mpaka, huuzwa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa juu. Kwa macho ni mwekundu na unang'aa, na bei yake hufurahisha. Ukwangue kwa wembe: shaba ya kweli ni nyekundu hadi ndani, ya uongo huonyesha weupe wa aluminiamu. Waya huo hupitisha umeme kwa shida zaidi, hukatika upesi kwa kupindwa, na penye unyevu maungio yake huoza mapema. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia kuukwangua mbele yake. Anayekasirika kwa ajili ya wembe, mwachie waya wake.

Tatu ni unene, na hapa tutahesabu kidogo. Tuseme mtumbwi una urefu wa mita 8, betri iko karibu na shetri na taa ziko omo. Umeme huenda mita 8 na kurudi mita 8, jumla mita 16. Taa zikiwa za wati 24, mkondo ni ampea 2. Ukitumia waya mwembamba kama wa spika ya redio, wa nusu milimita ya mraba, zaidi ya volti moja hupotea njiani, karibu sehemu moja ya kila kumi na moja uliyolipia kuchaji. Ukitumia wa milimita za mraba 1.5, hupotea chini ya nusu volti. Upotevu huo peke yake hauunguzi chombo, lakini tazameni kinachofuata: mvuvi huona taa imefifia, huongeza taa ya pili kwenye waya ule ule, kisha ya tatu, kisha huchomekea na chaja ya simu. Waya uliokuwa ukihangaika na mzigo mmoja sasa umebeba minne, na hakuna fyuzi.

Jambo la nne linawahusu hasa mafundi waliozoea magari na pikipiki. Katika gari, chuma cha bodi ndicho waya wa kurudia. Fundi hupeleka waya mmoja kwenye taa na kuifunga upande wa pili kwenye bodi. Mtumbwi ni wa mbao. Kila taa inahitaji nyaya mbili, ya kwenda na ya kurudi hadi kwenye betri. Tumewahi kuona kazi ambayo fundi, kwa kutafuta bodi asiyoipata, alifunga waya wa kurudia kwenye parafujo zilizoshika mbao. Taa iliwaka kwa muda, kwa sababu mbao zilikuwa zimelowa na parafujo ziligusana. Kuwaka si ushahidi kwamba kazi ni njema.

Waungwana wa pwani wana msemo kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wao husema hivyo kwa mtu anayezunguka kote na mwisho akarudi alikoanzia, lakini fundi wa umeme na auchukue kama ulivyo. Ngama ni pale chini kabisa ya chombo, ambapo maji yote yanayoingia hukusanyika. Humo huenda pia matone ya petroli, na mvuke wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa, hushuka humo humo na kutulia kama ukungu usioonekana. Hauondoki kwa upepo mdogo. Hivyo basi waya wowote unaopita ngamani umepita katika maji na katika mvuke unaosubiri cheche. Pandisheni nyaya juu, chini ya ukingo wa ubavu, na kuzishika kwa vibanio kila baada ya shubiri mbili, zisining'inie wala kukanyagwa. Swichi isiwe karibu na tangi. Kila swichi ya kawaida hutoa cheche ndogo inapofunguliwa na kufungwa, nanyi mwaweza kuiona gizani. Na mkimimina petroli, taa izimwe kwanza, tangi lifungwe, maji ya ngama yafuliwe, ndipo taa iwashwe tena.

Betri yenyewe ina gesi yake. Betri ya tindikali inapochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ni kinyume cha mvuke wa petroli: ni nyepesi sana na hupanda. Ukiifungia betri katika sanduku lisilo na tundu, gesi hiyo hujikusanya chini ya kifuniko ikingoja cheche. Kwa hiyo sanduku liwe na matundu juu, liwe la mbao au plastiki, na betri ifungwe kwa mkanda au kamba imara isiweze kupinduka hata chombo kikilala upande. Tindikali ikimwagikia nguo huitoboa. Ikimwagikia jicho, osheni kwa maji mengi safi papo hapo, na msiache kuosha hadi mnapofika kwa daktari. Juu ya vichwa vya betri wekeni kipande cha mpira, maana spana moja ikianguka hapo hufanya yale yale mliyoyaona kwa uzi wetu wa shaba, ila kwa spana haukatiki upesi.

Maungio ni mahali ambapo utepe mweusi umetawala. Utepe ule ni mzuri kwa nyumba kavu. Chomboni gundi yake hulegea kwa jua, maji huingia na hayatoki, na baada ya miezi michache shaba iliyo ndani huwa kijani na kuvunjika. Maji ya Ziwa Viktoria hayana chumvi, na kwa hilo mna nafuu kuliko wavuvi wa Mombasa na Tanga, lakini kutu ya shaba hupatikana hata katika maji matamu, huchelewa tu. Ungio jema ni lile lililobanwa kwa kichwa cha shaba na koleo la kubania, likavikwa mpira unaonywea kwa joto, na kuwekwa juu panapoonekana. Lililo jema zaidi ni lile ambalo halipo: kata waya mrefu wa kutosha tangu mwanzo. Vichwa vya betri vipakwe grisi baada ya kukazwa, na visafishwe kila mnapoona unga mweupe au wa kijani.

Kuna kifaa kimoja ambacho tungependa kibaki nchi kavu, nacho ni inveta, ile inayogeuza volti 12 kuwa 240. Vijana huipeleka majini ili kuchaji simu na kupiga muziki. Hapo ile kauli ya kwamba umeme wa betri hauui haina hata nusu ya ukweli. Volti 240 katika mtumbwi uliolowa, kwa mtu aliye miguu mitupu ndani ya maji ya ngama, huua kama waya wa nguzo. Simu huchajiwa kwa chaja ya gari ya volti 12, inayouzwa kila mahali, nayo ifungwe nyuma ya fyuzi yake.

Sasa taa zenyewe. Zipo Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972. Ziliandikwa kwa ajili ya bahari na maji yaliyoungana nayo, lakini lugha yake ya taa ndiyo iliyoenea kuliko nyingine yoyote, na hakuna faida ya ziwa letu kubuni ya kwake. Kwa mujibu wake, chombo cha mashine kisichofika mita 7, ambacho mwendo wake hauzidi noti 7, yaani takriban kilomita 13 kwa saa, chaweza kuonyesha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Chombo cha mashine kisichofika mita 12 huonyesha taa hiyo nyeupe pamoja na taa za ubavuni, nyekundu kushoto na kijani kulia. Nyeupe ionekane kutoka maili 2 za baharini, ambazo ni kama kilomita 3.7. Anayepiga kasia anatakiwa awe na kurunzi tayari mkononi, aiwashe mapema kabla ya kugongwa. Faida ya rangi ni hii: ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, chombo kinakujia uso kwa uso, ukiona moja tu, unajua kinapita upande gani.

Taa nyeupe iwekwe juu ya mti mfupi, imuepuke nahodha machoni, maana taa inayompofusha anayeongoza ni mbaya kuliko kukosa taa. Tena, taa za kuvutia mukene zisihesabiwe kuwa taa za chombo. Zile huangaza majini, na kwa mbali zinaelea katika kundi la nyingine nyingi; mtu anayekuja na mashine ya farasi 40 hawezi kutambua ni ipi iliyo na watu chini yake. Taa ya chombo iwe na waya wake, swichi yake na fyuzi yake, ili za mukene zikiharibika, hiyo ibaki ikiwaka.

Hilo linatuleta kwenye nguvu ya kubakiza. Nunueni mita ndogo ya umeme, hata kikundi kizima kikinunua moja. Betri ya tindikali iliyojaa na kupumzika huonyesha kama volti 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu, na betri ya gari ikizoeshwa kushuka chini ya hapo hufa mapema. Mashine nyingi ndogo za kuvuta kamba hazichaji betri, kwa hiyo kilichotumika usiku hakirudi mpaka nchi kavu. Mvuvi mwenye busara huzima taa za mukene betri inapofika 12.2, na akiba iliyobaki huiacha kwa taa ya kurudia na kwa simu. Makadirio ambayo Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likiyanukuu ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Viktoria. Si wote wangeokolewa kwa simu, lakini aliyepinduliwa na dhoruba huku simu yake imezimika hana hata nafasi ya kujaribu. Namba 112 hupokewa Uganda na Kenya pia, jambo ambalo lina maana kubwa katika ghuba ambapo simu hurukia mtandao wa ng'ambo bila kukuuliza. Simu ikae katika mfuko usiopitisha maji, nawe ukae ndani ya koti la kujiokolea. Hilo tumelisema katika mikutano mingine na hatutalirudia kwa urefu.

Mkiona moshi, kitu cha kwanza ni kukata umeme kwenye betri. Ndiyo maana tunasisitiza swichi kuu, ambayo nahodha anaifikia kwa mkono mmoja akiwa ameketi kwenye mashine. Moto wa nyaya, mkondo ukikatwa, mara nyingi hufifia wenyewe au huzimwa kwa gunia bichi. Ukifika kwenye petroli msiumwagie maji, kwa sababu petroli huelea na moto huelea nayo. Kizima moto kidogo cha unga ni bora, nacho kikae karibu na nahodha, mbali na tangi, ili mtu asilazimike kuupita moto kwenda kukifuata.

Sasa turudi nyumbani, hapa Dabani. Betri nyingi hulala chumbani zikichajiwa, mara nyingine chini ya kitanda, kando ya jiko au ya galoni ya petroli, kwa kuogopa wezi. Tunaielewa hofu hiyo, lakini haidrojeni tuliyoisema haina ubaguzi kati ya mashua na nyumba ya watoto. Ichajiwe mahali penye hewa, chini ya kibaraza, na paneli ya sola iunganishwe kwa kupitia kidhibiti chake, wala si moja kwa moja. Kwa betri za lithiamu zinazoundwa kwa seli za kompyuta zilizokufa, tunasema wazi kwamba hatuzipendi. Zikiundwa bila saketi ya ulinzi, au zikichajiwa kwa chaja ya betri ya tindikali, zaweza kulipuka kwa moto ambao unarudi baada ya kuzimwa. Aliyenunua, anunue iliyokamilika na chaja yake.

Kuhusu wezi, hilo ni letu sote. Betri inayoibwa Majanji usiku yaweza kuuzwa ng'ambo kabla ya chai ya asubuhi, na inayoibwa Sio Port hufika huku vivyo hivyo. Chomeni alama kwenye plastiki kwa chuma cha moto: namba ya chombo chenu, pande mbili, mahali pasipofutika bila kuharibu. Tunzeni risiti, na namba hiyo iandikwe katika daftari la kikundi cha ufuo. Tukiikamata betri isiyo na alama, hatuna namna ya kumrudishia mwenyewe, hata akiwa amesimama mbele yetu akilia. Yenye alama huvuka mpaka kurudi kwa barua moja tu kati ya vituo viwili. Na mnunuzi wa betri ya bei ya ajabu isiyo na risiti ajue kwamba sheria za jinai za nchi zote mbili zinamhesabu mpokeaji wa mali ya wizi anayejua alichokipokea kuwa mkosaji, hata kama hakuvunja mlango wa mtu.

Mmoja wenu alituuliza kabla ya kuanza kama tutakuja ufuoni kukagua nyaya na kuwakamata wenye kazi mbaya. Tutakuja, na viongozi wa vikundi vya ufuo watakuwa nasi, lakini ziara ya kwanza ni ya kuonyeshana. Tutatazama vitu vitatu tu: fyuzi iko wapi, waya umepita wapi, na taa ya chombo inawaka au haiwaki. Fundi aliyefunga kazi hiyo tungependa awepo, kwa kuwa yeye ndiye atakayefunga inayofuata.

Sasa tunakaribisha maswali. Betri, mita na koleo bado viko hapa mezani, na wembe upo. Aliyekuja na kipande cha waya wake aulete mbele tuukwangue pamoja.